Raba ya Mkono wa Kushoto

Jumamosi, mwezi wa sita. Saa kumi na moja jioni.

Nyakasimbi. Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi ya kuvaa sweta mbili. Mchana jua likawaka kwelikweli, na buni tulizoanika uani zimeanza kulia kama kokoto ukizipitishia reki. Sasa hivi upepo umetulia. Nimekaa kwenye ngazi za nyumba ya Mama, simu mkononi, vidole vinanuka petroli. Sijanawa, na ni makusudi.

Shajara, wewe umezoea habari zangu za shuleni Ihanda, za wanafunzi wa kidato cha pili na majibu yao ya ajabu kwenye mtihani wa kemia. Leo sina kichekesho. Leo nina jambo ambalo nimekaa nalo miaka ishirini na moja, na nikilala nalo tena bila kuliandika nitajidanganya kwamba halikutokea hivi lilivyotokea.

Siku nne nimekuwa navua na kuvisha raba pikipiki ya marehemu baba yangu.

Mama ndiye aliyeomba. Wakati wa Pasaka alinikalisha jikoni akasema, "Koku, ile tukutuku ya baba yako itengenezwe. Nataka niisikie kabla masikio hayajaniishia." Sikio lake la kushoto limekwisha kufa, la kulia linasikia ukipaza sauti. Nilimwambia ni chuma kizee, hakiwezi kuwaka. Akasema hakuniuliza kama kinaweza, amesema kitengenezwe. Mama yangu ndivyo alivyo, na mimi nimetoka humohumo.

Tata, yaani baba, alikuwa bwana mifugo. Ile pikipiki aliinunua kwa mmisionari mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao, na hata siku hiyo ilikuwa tayari imeshachakaa. Alifunga boksi la chanjo nyuma akazunguka nayo kote, Ihanda, huku kwetu, mpaka Nyakatuntu kule Kyerwa, kwenye nyika za wafugaji. Watu walimjua kwa mlio kabla hawajamwona. Wakisikia tuku-tuku-tuku inapanda kilima, wanawafungia ndama zizini wapate chanjo. Nyumbani hatukuwahi kuiita pikipiki. Ilikuwa tukutuku, kwa mlio wake.

Alipofariki iliwekwa kwenye stoo ya kahawa, ikafunikwa turubai, na hakuna aliyeigusa tena.

Injini aliishughulikia Fundi Deusi wa pale Omurushaka mwezi uliopita. Akasema iko hai, ilichoka kukaa tu. Akataka amalizie na raba. Nikamwambia hapana, raba nitavisha mwenyewe, nipe tu vifaa nikafanyie nyumbani. Akanitazama kama mtu ambaye mwenzake hamwamini.

"Sawa, Mwalimu," akasema, huku ananifungia raba kwenye gazeti. "Hizi za mikono zitakusumbua kidogo. Usitumie nguvu. Paka mafuta ndani, itaingia yenyewe."

Nikasahau kupokea lile gazeti, mchana kweupe, pikipiki za bodaboda zikipita na watu wakinunua nyanya.

"Mafuta gani?" nikamuuliza.

Fundi Deusi akacheka hadi spana ikamdondoka. "Mafuta gani tena, Mwalimu? Kwani unakaanga chapati? Petroli! Inateleza wakati unaingiza, halafu inakauka, raba inang'ang'ania bomba huitoi tena mpaka uikate."

Nikacheka na mimi. Nilicheka vizuri tu, naamini hakuna aliyegundua kitu. Nikapanda bodaboda kurudi, na njia nzima nilikuwa natazama mkono wa kushoto wa yule dereva.

Raba ni vitu vidogo. Mtu akiitazama pikipiki anaona tenki na taa na injini. Haoni raba za kukanyagia, wala raba ya kiki, wala vile vikombe vya mpira vinavyolalia tenki, wala mpira unaoshika kabureta. Mimi sasa ninavijua vyote, kimoja kimoja, na katika kila kimoja nimemkuta Tata.

Siku ya kwanza nilivua raba za miguu na ya kiki. Ya kiki imelika upande mmoja tu, ina kishimo, na kishimo hicho kinaenea kisigino cha buti la mvua. Aliikanyaga hapohapo kila asubuhi. Nilishindwa kuitupa shimoni. Nimeiweka kwenye kopo la zamani la maziwa ya unga, nikafunga na kifuniko.

Siku ya pili nilinyanyua tenki. Chini yake kunatakiwa kuwa na raba nne, tenki lisisagane na fremu. Tatu zilikuwa za kiwandani, zimekauka. Ya nne ilikuwa kipande cha kandambili ya bluu, kimekatwa kwa kisu na kuchongwa vizuri mviringo. Nikakigeuza. Ni kandambili yangu. Nilikuwa darasa la tano, niliitafuta wiki nzima, nikamsingizia mbwa, na Tata akashirikiana na mimi kumsema yule mbwa! Nilikaa chini stoo nikacheka peke yangu, halafu kicheko kikageuka kitu kingine na ikabidi nisubiri kiishe.

Mpira wa kabureta mpya ulikuwa mgumu kuingia, nikauloweka kwenye sufuria ya maji ya moto ulainike. Mama akachungulia akauliza napika nini. Nikamwambia mpira. Akasema niongeze chumvi.

Jana ilikuwa zamu ya mikono. Ule wa kulia, wa kuongezea moto, raba yake ya zamani ilikuwa ngumu kama ubao. Niliichana kwa wembe kutoka mwanzo hadi mwisho, ikafunguka kama ganda. Kwa ndani ilikuwa kavu, safi, imeshika bomba sawasawa. Nikasafisha kwa msasa, nikamwagia petroli kidogo ndani ya raba mpya, nikasukuma. Iliingia. Nikangoja robo saa. Haikuzunguka wala kusogea.

Mkono wa kushoto hauna raba. Ni bomba tupu, lina kutu. Umekuwa hivyo tangu siku pikipiki iliporudishwa nyumbani kwenye gari la mizigo. Watu walisema raba ilichomoka kwenye ajali.

Hawakukosea. Walichokosea ni mpangilio tu. Raba haikuchomoka kwa sababu ya ajali.

Naandika sasa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa sayansi, niko nyumbani nasubiri matokeo na kujiona najua kila kitu chini ya jua. Tata alikuwa amepata raba mpya za mikono, na asubuhi kabla ya safari ya Nyakatuntu akaanza kuzivisha. Ya kulia alivisha mwenyewe. Mimi sikumwangalia, nilikuwa nakamua. Nilipomaliza nikaja na kibuyu cha maziwa, na wakati huohuo ng'ombe mmoja akaanza kusumbua zizini, mtamba wa mimba ya kwanza. Tata akakimbilia huko. Akapaza sauti kutoka zizini:

"Koku! Malizia hiyo ya kushoto. Paka amajuta ndani, itaingia yenyewe!"

Amajuta.

Mtu asiye wa huku inabidi nimweleze. Kwa Kinyambo chetu neno ni hilohilo moja. Mafuta ya kula ni amajuta. Ya kujipaka ni amajuta. Ya taa, amajuta. Petroli nayo amajuta. Na samli, ile samli ya ng'ombe wa nyumbani ambayo kwa watu wafugaji ndiyo inayolainisha kila kitu, ngozi ya mtoto, kamba ya ngozi iliyokauka, midomo iliyopasuka, hiyo ndiyo amajuta yenyewe kabla ya mengine yote. Kibuyu cha samli kilikuwa hatua mbili kutoka niliposimama, kwenye benchi la vyombo vya maziwa. Dumu la petroli lilikuwa stoo.

Nikachovya vidole viwili.

Iliingia kirahisi mno. Nilijisifu. Nilifuta iliyotoka pembeni kwa shina la nyasi, nikaizungusha ikae sawa, nikaenda kisimani kuchota maji. Niliporudi Tata alikuwa ameondoka. Niliusikia tu mlio ukishuka bonde, kisha ukapanda upande wa pili, kisha basi.

Samli haikauki. Jua likiipiga inayeyuka. Na kwenye mteremko, barabara ya kokoto, mtu huegemea mikono.

Nimeifikiria ile safari mara nyingi kuliko idadi ya safari alizowahi kwenda. Lazima aliihisi ikizunguka mkononi. Kwa nini hakusimama? Labda alisema nikifika nitaitazama. Labda hakutaka kurudi kuja kuniambia nimekosea. Alikuwa mtu wa kuficha makosa ya watoto wake, kama yule mbwa na kandambili.

Wachungaji ndio waliomkuta, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya Nyakatuntu. Akafikishwa hospitali jioni. Mama alikuwa naye. Alifariki kesho yake kabla jua halijatoka, na kabla ya hapo alisema neno moja tu. Nililisikia msibani, nikiwa nimebeba sinia la ndizi, Mama akiwasimulia wanawake waliomzunguka:

"Alisema amajuta. Basi. Amajuta."

Wanawake wakalia. Shangazi akasema masikini, midomo ilikuwa imemkauka, alitaka samli, na hakuna aliyembebea hata kijiko. Wakazidi kulia kwa ajili ya hicho kijiko. Mimi nikaweka sinia chini, nikatoka nyuma ya nyumba, nikatapika migombani.

Tangu siku ile sijala samli.

Nilisema inanidhuru tumbo. Kwenye nyumba ya wafugaji hiyo ni kama kusema maji yanakudhuru, lakini Mama hakubisha. Miaka yote, nikija likizo, ananiwekea sufuria yangu ndogo pembeni, ndizi zangu bila samli. Hakuwahi kuniuliza. Nilimshukuru moyoni kwa kutoniuliza. Nilidhani ni upole.

Na kazi niliyochagua ni ya kufundisha kemia. Mwaka wa pili chuoni mhadhiri alisema kwamba mafuta ya wanyama huilegeza na kuila raba ya asili, akaendelea na mada nyingine kama vile hajasema kitu. Nilitoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye nyasi mpaka kipindi kikaisha. Siku hizi nawafundisha watoto wa wenzangu jambo lilelile, naandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, nageuka, nauliza kama kuna swali.

Sasa ya leo.

Asubuhi nilikuwa nimebakiza vitu viwili, raba ya mkono wa kushoto na kisanduku cha spana chini ya kiti. Kifuniko chake kilikuwa kimeshikwa na kutu. Nikakibandua kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na spana mbili, waya, plagi ya zamani, kitambaa, na chini ya kitambaa ilikuwepo raba.

Raba ya kushoto. Yenyewe. Aliyeirudisha pikipiki aliiokota akaitupia humo, akafunga, na haikuonwa tena na mtu.

Ya kulia niliikuta ngumu kama ubao, nimeshasema. Hii kwa nje ilikuwa imekauka vilevile, lakini kwa ndani ilikuwa imevimba, laini, inanata. Nikaingiza kidole kikabaki na weusi. Miaka ishirini na moja na bado inanata. Nikainusa. Sikupaswa kuinusa. Nilipata harufu ya moshi wa vyombo vya maziwa vya Mama, yale majani anayofukizia vibuyu na hakuna nyumba nyingine inayofukizia hivyo. Inawezekana pua yangu inanidanganya. Mwalimu wa kemia ndani yangu anasema haiwezekani kabisa. Lakini niliipata.

Nikaitumbukiza mfukoni mwa koti langu la maabara, ndilo ninalovaa nikifanya kazi chafu, nikaendelea kupiga msasa bomba la kushoto ambalo lilikuwa limeshang'aa tangu jana.

Hapo ndipo Mama akaja na kigoda chake.

Akakiweka upande ambao sikio lake zima lingekuwa kwangu. Akakaa, akatandaza khanga magotini. Akaitazama pikipiki muda mrefu, raba mpya nyeusi, tenki nililolisugua, kisha lile bomba tupu.

"Koku, waitu, mwanangu," akasema, "nikuambie jambo kabla haijawashwa. Ikishawaka sitaweza."

"Niambie, Mama."

"Mimi ndiye niliyemuua baba yako."

Aliendelea kabla sijasema neno. Ile asubuhi, mimi nikiwa kisimani, Tata alitoka zizini mikono imepasuka. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ilikuwa inamkausha ngozi, na kilikuwa kiangazi kama hiki. Alikuwa na haraka. Mama akamkamata, akachota samli kwenye kibuyu, akampaka viganja vyote viwili. Tata akasema achana na mimi, nachelewa. Mama akampaka hivyohivyo, kwa nguvu, wakacheka. Akapanda pikipiki na mikono inayong'aa.

"Akateleza," Mama akasema. "Alikuwa na amajuta yangu mikononi. Ndiyo aliyoniambia pale hospitali. Hakunilaumu, aliniambia tu nijue. Na wewe unajua. Tangu msiba ule huli samli yangu. Miaka yote hii nakupikia sufuria yako pembeni, na sijawahi kukuuliza, kwa sababu najua kwa nini."

Nikaendelea kusugua bomba.

Nilidhani ninabeba peke yangu. Nilidhani ninamficha. Kumbe kila nilipokuja likizo na kusukuma pembeni kile kibakuli cha samli, nilikuwa namwambia mama yangu mzazi, bila kufungua mdomo, wewe ndiye. Mara tatu kwa mwaka, miaka ishirini na moja. Na yeye akakubali, akaosha sufuria yangu ndogo, akaitunza vizuri hata haina chembe ya masizi.

Nitaandika na hili, nisije nikajipamba baadaye. Palikuwa na njia rahisi. Ningeweza kumshika mikono, kumwambia Mama, Mungu ameshasamehe, hukujua, tusali. Tungesali. Raba ingebaki mfukoni. Nilifikiria. Si kwa kitambo kidogo.

Kisha nikaitoa nikaiweka kwenye khanga yake, magotini.

"Mama," nikasema, "si wewe. Ni mimi."

"Eh?" Hakusikia.

Ndiyo hivyo. Jambo ambalo sijawahi kulinong'ona hata kwenye mto, ikabidi nilipaze. Jirani alikuwa anakata majani ya migomba ng'ambo ya ua na nadhani panga lake lilisimama.

"Ni mimi! Niliweka amajuta ndani ya raba! Samli! Kwa mkono wangu!"

Mama akaishika ile raba. Akaigeuza. Akaingiza kidole ndani kama nilivyoingiza mimi, akakitoa, akakitazama, akakipeleka puani. Kuku walikuwa wanachakura kwenye buni na hakuna aliyewafukuza.

"Nani alikuambia uweke samli?"

"Yeye. Alisema paka amajuta."

Akafikiri. Niliona anafika mahali nilipofika mimi zamani.

"Alimaanisha petroli," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Akafunika uso kwa khanga. Mabega yakatikisika na sikujua analia au anacheka, na nikawaza kwamba huenda yeye mwenyewe hajui. Nikamwambia kwa sauti ileile ya kupaza kwamba samli ya viganja isingefika hata barabarani, angeifuta kwenye suruali, ngozi iliyopasuka inainywa mara moja. Nikamwambia nimesoma haya mambo. Alipofunua uso nilidhani nitaona mtu aliyetuliwa mzigo.

"Lakini mimi ndiye niliyekataza Kiswahili ndani ya ua huu," akasema.

Ni kweli. Ilikuwa sheria yake. Kiswahili kibaki barabarani na shuleni, humu ndani kila mtu aseme Kinyambo. Tata huko kazini alikuwa anasema petroli kutwa nzima. Akivuka lango la nyumba yake, inakuwa amajuta.

"Mama, acha. Hilo ni langu."

"Ni langu pia."

"Nimekwambia acha!"

Tulikuwa tunagombana, watu wazima wawili, kama wageni na wenyeji wanaonyang'anyana begi moja njiani. Hakuna aliyeachia.

Kisha akauliza swali ambalo nitakuwa nalo nikifika uzee wake.

"Basi pale hospitali alikuwa ananitajia mimi, au wewe?"

"Sijui, Mama."

"Au midomo ilikuwa imemkauka kweli," akasema. "Na sikumpa."

Nikaenda stoo nikaleta petroli. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko cha chupa. Mama akasema anataka kufanya yeye. Nikamwonyesha, unamimina ndani ya raba, unaziba tundu kwa kidole gumba, unatikisa, unamwaga, halafu usichelewe. Mikono yake inatetemeka siku hizi. Akaiweka raba kwenye ncha ya bomba, mimi nikaweka mikono yangu juu ya yake, tukasukuma. Ikaingia nusu ikagoma. Tukasukuma tena, ikaingia yote hadi mwisho, ikatoa hewa kwa sauti ndogo.

Tukangoja ikauke. Safari hii alikwenda mwenyewe kufukuza kuku, akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Tayari?"

"Tayari."

Akaivuta. Haikutoka. Akaivuta kwa mikono miwili. Akavua ndala, akakanyaga tairi la mbele kwa mguu mmoja, bibi wa miaka sabini na kitu, akaivuta kwa nguvu zake zote hadi pikipiki nzima ikayumba nikaikamata kiti. Haikutoka. Akaendelea kuivuta. Sikumzuia. Nilishika kiti, nikatazama pembeni, nikangoja achoke.

Kiki hatujapiga leo. Yeye ndiye aliyesema tusipige, ngoja ikauke vizuri. Tutapiga kesho tukitoka kanisani. Sijui mlio ule utatufanya nini. Yeye amenisisitiza nisogeze pikipiki karibu na dirisha lake, upande wa sikio la kulia, na nimeshaisogeza.

Raba ya zamani ameichukua. Sikumuuliza anaipeleka wapi. Nimeiona kwenye kidirisha cha chumba chake, kando ya Biblia na miwani.

Nilitegemea kwamba nikishasema nitalala usingizi wa mtoto. Sijui wazo hilo nililipata wapi. Ninachojisikia sasa ni kwamba nimemnyang'anya mama yangu miaka ishirini na moja, na hakuna msasa wala petroli ya kuirudisha. Tata nilimkosea kwa neno moja, asubuhi moja, bila kujua. Mama nimemkosea kila likizo, na nilikuwa mtu mzima, na nilikuwa na mdomo.

Kesho, kabla hajaamka, nitaenda nikaivute tena ile raba mpya, peke yangu.

Moshi unatoka jikoni. Nimeinuka mara moja kuchungulia, nikarudi hapa kumalizia kuandika. Sufuria yangu ndogo imening'inia ukutani kwenye msumari wake. Juu ya mafiga kuna sufuria moja tu, ile kubwa, na kibuyu cha samli kimefunguliwa pembeni.

Ananiita. Na si kwa sauti ya kuuliza kama nitakula.

Sijui kama itapita kooni. Naenda kunawa mikono.